Bendera kwenye bampa, chesisi ya Meksiko

Tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, jirani yangu alinialika nyama choma. Nasema nyama choma kwa heshima tu, maana zilikuwa soseji na vibonge vya nyama ya kusaga, hazijui ndimu wala pilipili. Lakini mwaliko ni mwaliko. Tulikwenda na bakuli la kachumbari, na mimi na mke wangu ndio tulioimaliza.

Jirani mwenyewe nitamwita Babu, umri wake unaruhusu. Ana pikapu nyeusi kubwa kama kibanda cha duka. Nyuma kwenye bampa kuna bendera ya Marekani, na pembeni yake stika ya zamani iliyopauka inayouliza: umeshapoteza kazi? Basi endelea kununua vya wageni. Tulipokuwa tumeshashiba akaielekezea kidole Honda Accord yangu pale barabarani, akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayemwombea mwenzake heri: "Siku moja utanunua gari la Kimarekani, uwe mwenzetu." Watu wakacheka. Nami nikacheka, meno tu.

Gari la Kimarekani! Accord ile imeunganishwa Marysville, humu humu Ohio. Kutoka hapa Columbus, ukiwahi kabla ya foleni, unafika kabla chai haijapoa. Honda walianza pale na pikipiki mwaka 1979, na mwaka 1982 wakatoa gari la kwanza la Kijapani kuundwa Marekani: Accord. Shemeji yangu anafunga viti vya magari katika kiwanda kimoja cha vipuri. Anatoka zamu ya usiku vidole vimevimba hata kikombe anakishika kwa viganja. Jumapili kanisani kwetu ukiuliza nani anafanya kazi za magari, Wakongomani nusu ukumbi watanyoosha mikono. Sasa hao wanaunda gari la nani?

Usiku ule usingizi ulikataa. Nikatoka kutupa taka, na njia ya kwenda kwenye pipa, kwa bahati tu, ikapita kando ya pikapu ya Babu. Aliyewahi kuagiza gari kupitia bandari ya Dar haoni aibu kusoma chesisi namba ya mtu. Hapa inasomeka kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva, tarakimu na herufi 17. Ya kwanza ndiyo inayotaja kwao. Ikianza na 1, 4 au 5 ni Marekani, 2 ni Kanada, 3 ni Meksiko, J ni Japani. Yangu inaanza na 1. Nikawasha tochi ya simu, nikainama.

3.

Wala si ajabu. Pikapu ya Maverick ya Ford inaundwa Hermosillo. Ram zile kubwa za kuvuta matrela zinatoka Saltillo. Silverado nyingine zinatoka Silao. Zote Meksiko, na zote kwenye matangazo zinapita katikati ya mashamba ya ngano, bendera inapepea, sauti nzito ya mwanamume inazungumzia baba na babu. Sina ugomvi na Wameksiko, wanafunga boliti vizuri kama mtu mwingine yeyote. Ugomvi wangu ni huu uzalendo wa upande mmoja. Mnunuzi anaambiwa awe mwaminifu hadi kaburini, huku kampuni ikihamia popote penye mshahara mdogo, na hakuna anayeibandikia stika.

Mtazame Chrysler, kampuni ya magari ya Kimarekani. Mwaka 1979 serikali ilimdhamini mikopo ya dola bilioni 1.5 asife. Mwaka 1998 akaolewa Ujerumani na Daimler, ndoa ikavunjika. Mwaka 2009 akafilisika, akachukuliwa na Waitaliano wa Fiat. Tangu 2021 yuko ndani ya Stellantis, ambayo makao yake makuu yako Uholanzi. Bibi harusi ameshazunguka Ulaya yote na wazalendo bado wanamlipia mahari. General Motors naye alifilisika mwaka huo huo wa 2009. Serikali ikatia karibu dola bilioni 50, na ilipouza hisa zake zote ikawa imepoteza zaidi ya bilioni 10. Kodi ile ililipwa na nani? Wenye Accord walisamehewa?

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha kuku. Ulaya ilitoza ushuru kuku wa Marekani, Marekani ikalipiza, na mwaka 1964 pikapu na vani nyingi za mizigo kutoka nje zikaanza kutozwa asilimia 25. Ushuru huo ndio umewalinda Detroit, mji wa kampuni za magari ya Kimarekani, miaka yote hii. Sasa Ford, Ford wa Henry Ford mwenyewe, akawa anaingiza vani zake kutoka Uturuki zikiwa na viti vya nyuma ili zihesabiwe kuwa gari za abiria. Zikishapita forodhani, viti vinang'olewa, zinauzwa kama vani za mizigo. Mwaka 2024 alikubali kulipa dola milioni 365 kumaliza madai hayo ya serikali. Uzalendo ukifika bandarini unavuliwa viti.

Na ile lebo ya kwenye kioo cha gari jipya, inayotakiwa na sheria ya 1992, inayoonyesha asilimia ya vipuri vya nyumbani? Inahesabu Marekani na Kanada pamoja. Kumbe Mkanada ni Mmarekani, ila shemeji yangu bado.

Marehemu baba alikuwa mtu wa Peugeot 504. Angeuza kiwanja kuliko kuiuza. Lakini sikuwahi kumsikia akiipenda Ufaransa. Alisema tu haichemshi mlima Kitonga. Hayo ndiyo mapenzi ya gari ninayoyaelewa.

Haya mengine yana damu. Mwaka 1982, mwaka ule ule wa Accord ya kwanza, kijana wa miaka 27 aitwaye Vincent Chin alikuwa Highland Park, pale Detroit, anaagana na ujana, siku chache kabla ya harusi yake. Wazungu wawili wakampiga kwa rungu la besiboli hadi akapoteza fahamu, na siku nne baadaye akafa. Mmoja alikuwa msimamizi Chrysler, wa pili mtoto wake wa kambo aliyekuwa amepunguzwa kazini. Shahidi alisema alisikia wakimwambia ni kwa sababu ya watu kama yeye wao hawana kazi. Chin alikuwa Mmarekani mwenye asili ya China, hata Mjapani hakuwa. Hukumu: miaka mitatu ya uangalizi nje ya gereza na faini ya dola 3,000. Kesi ya pili, ya haki za raia, ilimalizikia Cincinnati mwaka 1987, huku huku kwetu Ohio, kwa kuachiwa. Kwa hiyo mtu akininyooshea kidole gari na kuniambia "uwe mwenzetu", naomba nisamehewe nisipocheka sana.

Babu ana hoja moja, na inaniuma kuikubali. Detroit kuna chama cha wafanyakazi, Honda na Toyota hawana. Chama kilipogoma mwaka 2023 na kushinda, wiki chache tu baadaye Honda na Toyota wakawapandishia mishahara watu wao. Mgomo waligoma wengine. Shemeji, aliyeajiriwa kupitia wakala, hakupandishiwa hata senti.

Halafu kuna kitu kingine nilikiona usiku ule. Tochi iliyonionyesha ile 3 ilinionyesha pia kitambulisho cha kazi, kinaning'inia kwenye kioo cha ndani kwa kamba chakavu. Picha ya kijana mwenye nywele nyingi na masharubu, na jina la kiwanda ambacho leo ni uwanja wa majani. Alikaa pale miaka 31, aliwahi kunitajia. Nikazima tochi.

Asubuhi Babu akaniuliza kupitia uzio kama nilisikia mbwa wake akibweka usiku. Nikamwambia labda rakuni. Wanapenda mapipa ya taka.