Marufuku ya kukumbatiana shuleni inamlinda nani?

Mwaka 2017, katika shule moja ya jiji la Thiruvananthapuram, jimbo la Kerala nchini India, mvulana wa darasa la mwisho la sekondari alimkumbatia msichana aliyekuwa ametoka kutumbuiza kwenye shindano la sanaa la shule. Walisema alikuwa akimpongeza tu. Uongozi wa shule uliona jambo jingine, ukawasimamisha wote wawili masomo kwa miezi kadhaa. Tume ya haki za watoto ya jimbo iliagiza mvulana arudishwe darasani, shule ikakimbilia Mahakama Kuu, na Desemba mwaka huohuo mahakama ikasema mkuu wa shule ndiye mwenye dhamana ya nidhamu. Mitihani ilipokaribia, mwanzoni mwa 2018, shule ilikubali kuwapokea tena.

Watu wengi waliisikia kesi hiyo wakacheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Vijana wawili walikosa masomo miezi mingi, na katika muda wote huo hakuna aliyesikika akimuuliza msichana swali lililostahili kutangulia mengine yote: je, wewe ulikuwa na neno na kukumbatiwa kule?

Kanuni za namna hii zipo katika shule nyingi duniani, kwa viwango tofauti. Kuna zinazokataza kubusiana na kupapasana peke yake. Kuna zinazoongeza kushikana mikono. Halafu kuna zile za moto zaidi, zinazokataza kugusana kwa aina yoyote. Shule moja ya mji wa Vienna, Virginia, nchini Marekani, ilivuma mwaka 2007 kwa sababu kanuni yake ilifika hadi kwenye kugonganisha viganja. Uongozi ulijitetea kwamba korido zimejaa, kwamba kusukumana kwa mzaha huishia kwenye ngumi, na kwamba mwalimu hawezi kupima kila mguso.

Tuanze na wanaozitetea, kwa sababu hoja zao ni nzito kuliko zinavyopewa sifa.

Mwalimu wa zamu anaposimama koridoni wakati wa mapumziko anaona mamia ya watoto wakipita mbele yake. Anaona mkono juu ya bega. Haoni kama mwenye bega anautaka mkono huo. Uso unaotabasamu haumsaidii, maana watoto wengi hutabasamu wanapoona aibu au hofu. Kanuni iliyo wazi inamwondolea kazi ya kukisia yaliyomo moyoni mwa mtu. Pia inamwondolea kishawishi cha kuwaruhusu wanafunzi anaowapenda na kuwakamata asiowapenda.

Hoja ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Mtoto wa miaka 13 ambaye bado hajajua kusema "sitaki" anaweza kusema "imekatazwa." Rafiki mkubwa kuliko yeye akimvuta, au mvulana ambaye shule nzima inamwona shujaa akitaka kumshika kiuno mbele za watu, kukataa kwa jina lake mwenyewe kunaweza kumgharimu. Ataitwa mwenye maringo, ataitwa mshamba. Akikataa kwa jina la kanuni, lawama inaiangukia shule. Wanaopinga marufuku hizi kwa jina la uhuru husahau kwamba uhuru wa kugusa na uhuru wa kutoguswa haugawanywi sawa kwa wanafunzi wote. Wenye nguvu, umri na umaarufu huwa na mwingi wa ule wa kwanza.

Tena kuna simu. Busu la nyuma ya darasa lilikuwa likiishia kuwa uvumi wa wiki moja. Sasa likipigwa picha linaweza kumfuata msichana mpaka chuoni. Shule inayosema "si hapa" inaweza kuwa inakinga zaidi ya heshima yake.

Na kuna wazazi, ambao hawakubaliani hata kidogo juu ya lipi ni la adabu na lipi si la adabu. Mkuu wa shule anayewapokea watoto wa familia za imani na malezi tofauti hutafuta mstari ambao hakuna atakayeulalamikia, na mara nyingi mstari huo huwa ule mkali kuliko yote. Namwelewa, ingawa kukwepa malalamiko si sawa na kumlea mtoto.

Wapo wanaoleta hoja ya sheria: shule zinaogopa kushtakiwa. Nchini Marekani hofu hiyo ina tarehe. Mwaka 1999, katika kesi ya Davis dhidi ya bodi ya elimu ya kaunti ya Monroe, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba shule inayopokea fedha za serikali kuu inaweza kuwajibishwa kwa unyanyasaji wa kijinsia ambao mwanafunzi anamfanyia mwanafunzi mwenzake. Lakini tazama masharti yake. Unyanyasaji uwe mkali, uwe umeenea, uwe wa kuchukiza kwa kipimo cha mtu yeyote mwenye akili timamu, na shule iwe inaujua na kuupuuza. Kumbatio la pongezi halimo kabisa.

Kisa chenyewe kinafundisha zaidi ya hukumu. Msichana wa darasa la tano, jimboni Georgia, alisumbuliwa na mvulana wa darasa lake kwa miezi: maneno machafu, kujaribu kumshika mwilini. Alisema kwa walimu. Mama yake alisema kwa walimu. Ilichukua zaidi ya miezi mitatu kabla hajaruhusiwa hata kubadilisha kiti chake ili asikae karibu na mvulana huyo. Shule ile haikuhitaji kanuni ya kukataza kukumbatiana. Ilihitaji mtu mzima mmoja anayemsikiliza mtoto anaposema anaumizwa, kisha anyanyuke afanye jambo.

Hofu ilipozidi, ilizaa mambo ya ajabu. Mwaka 1996, huko Lexington, North Carolina, mtoto wa miaka 6 aliadhibiwa kwa kumbusu mwenzake shavuni, na tukio likaambatanishwa na sera ya unyanyasaji wa kijinsia. Nchi nzima ililizungumza. Mwaka uliofuata, ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya elimu ilitoa mwongozo uliosema waziwazi kwamba busu la shavuni la mtoto wa darasa la kwanza si unyanyasaji wa kijinsia. Hata hivyo, mwaka 2013 huko Canon City, Colorado, mtoto mwingine wa miaka 6 alisimamishwa kwa kubusu mkono wa msichana, na shule ikaanza kwa kuliita tendo hilo unyanyasaji wa kijinsia kabla ya kurudi nyuma.

Hapa ndipo ninapoanza kutofautiana na watetezi wa marufuku ya jumla. Kanuni inayosema "hakuna kugusana" inaweka kwenye kapu moja mkono wa faraja, busu la wapenzi na mkono unaopapasa bila ruhusa. Yote yanakuwa kosa lilelile, yanaandikwa kwenye fomu ileile, yanapelekwa kwa mwalimu yuleyule wa nidhamu. Mwanafunzi anajifunza kwamba ubaya wa mguso ni kuonekana na mwalimu. Hilo ni fundisho la hatari, kwa sababu tofauti pekee ambayo kila kijana anapaswa kutoka nayo shuleni, yaani ridhaa ya anayeguswa, ndiyo iliyofutwa.

Na linapokuja suala la kutoa taarifa, marufuku ya jumla inaweza kumziba mdomo yule inayedai kumlinda. Fikiria msichana aliyekubali kushikwa mkono, kisha mkono ukaenda asikotaka. Akienda ofisini lazima aanze na kukiri kwamba naye alivunja kanuni. Mwaka 2021, Ofsted, taasisi inayokagua shule za Uingereza, ilitembelea shule na vyuo 32 na kuzungumza na vijana zaidi ya 900. Iligundua kwamba unyanyasaji wa kijinsia ulikuwa umezoeleka kiasi cha wanafunzi wengi kuona hakuna haja ya kuuripoti. Wengine waliogopa kutoaminiwa, kutengwa na wenzao, au kuona mambo yakitoka mikononi mwao mara tu watu wazima wanapoingia. Hofu hizo zilikuwapo tayari. Kanuni inayomfanya mlalamikaji kuwa mshtakiwa mwenza inaongeza nyingine juu yake.

Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikutana na jambo linalofanana na hili, kwa uzito mkubwa zaidi, mwezi Oktoba 2013 katika kesi iliyofunguliwa na Teddy Bear Clinic, shirika la kuwasaidia watoto walionyanyaswa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ilikuwa imefanya jinai matendo ya hiari kati ya vijana wa miaka 12 hadi 16, yakiwamo mabusu. Mahakama, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Sisi Khampepe, ilibatilisha sehemu hizo. Ilisema zinavunja utu na faragha ya mtoto, na ikazingatia maoni ya wataalamu kwamba adhabu huwasukuma vijana mbali na watu wazima ambao wangewasaidia. Haikusema vijana waanze mapenzi, na ilikuwa makini kulisisitiza hilo. Ilisema kuwatia hatiani si njia ya kuwalinda.

Najua kanuni ya shule si sheria ya jinai. Kusimamishwa wiki moja si kufungwa. Lakini mantiki ya ukimya ni ileile: mtoto asiyeweza kuuliza swali bila kujishtaki hataliuliza.

Utekelezaji nao una upendeleo wake. Mchezaji akifunga bao, wenzake kumi wanamrukia, mwalimu anapiga makofi. Mvulana na msichana wakikumbatiana kwa sekunde tatu baada ya matokeo ya mtihani, wanaitwa. Na wakiitwa, mara nyingi msichana ndiye anayehubiriwa zaidi, kana kwamba mwili wake ndio ulioleta tatizo shuleni. Kanuni inayodai kuwa sawa kwa wote hutumika kwa macho ya anayeitumia.

Wapo pia wanafunzi ambao hawakukumbukwa kabisa wakati kanuni inaandikwa. Mwanafunzi kiziwi huitwa kwa kuguswa begani. Asiyeona huongozwa kwa kushika kiwiko cha mwenzake. Kwao mguso ni njia ya kuwasiliana na kutembea. Mtoto wa bweni aliyepata habari za msiba saa mbili usiku, mzazi akiwa mbali, atafarijiwa na nani kama si rafiki wa kitanda cha jirani?

Kwa hiyo nasimama wapi? Naamini shule ina haki kamili ya kukataza mambo ya kimapenzi katika muda na maeneo ya masomo, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyedhurika. Darasa ni mahali pa watu wote, na wengine wana haki ya kusoma bila kuwa watazamaji wa mapenzi ya wenzao. Hiyo ni kanuni ya mahali, kama ilivyo kanuni ya kutopiga kelele maktaba, na ukiukaji wake unastahili uzito uleule: onyo, mazungumzo, basi. Kugusa mtu bila ridhaa yake ni jambo la aina nyingine kabisa. Liwe na ukurasa wake, mtu wake wa kulipokea, na ahadi iliyoandikwa kwamba anayeleta taarifa hataadhibiwa kwa kilichotangulia. Miguso mingine yote, ya faraja, ya pongezi, ya salamu, iachwe.

Watetezi watasema nimemrudishia mwalimu wa koridoni ule mzigo wa kukisia. Ni kweli, na sina jibu linaloumaliza. Naona tu kwamba mwalimu ana njia ambayo kanuni ya jumla inamfanya aisahau: kuuliza. "Uko sawa?" kwa mwanafunzi mmoja, pembeni, mwenzake asiposikia. Ile hoja ya mtoto anayejificha nyuma ya "imekatazwa" naichukulia kwa uzito, na ndiyo sababu sitaki marufuku ya mapenzi ya hadharani iondolewe. Mtoto huyo abaki na pa kukimbilia.

Upande wa adhabu sina shaka hata kidogo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 28, unataka nidhamu ya shule iendane na utu wa mtoto. Mwaka 2022 mahakama ya wilaya ya Tokyo iliamua kesi ya msichana aliyesukumwa kuacha shule kwa sababu alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi mwenzake, kinyume cha kanuni za shule. Mahakama haikuibatilisha kanuni yenyewe. Ilisema kumwondoa shuleni kwa ajili hiyo kulivuka mpaka, ikaamuru alipwe fidia. Bodi nyingi za shule hutumia vikao virefu kubishana juu ya nini kikatazwe, halafu kifungu cha adhabu kinaandikwa kwa mstari mmoja: "atachukuliwa hatua kali." Mstari huo ndio unaoamua kama mtoto atakosa mtihani, kama jina lake litasomwa mbele ya shule nzima, na kama barua itakayofika nyumbani itamfanya mzazi azungumze naye au ampige. Kabla ya kupitisha kanuni yoyote juu ya miili ya wanafunzi, wajumbe wangeandika barua hiyo kwanza, neno kwa neno, na kuisoma kwa sauti mbele ya wanafunzi watakaoipokea.