Namba ipo kwenye simu, nani atapokea?

Saa tisa usiku, kwenye chumba cha hoteli mjini Chennai, mjomba alianza kuhema kama mtu aliyepanda Lushoto kwa miguu. Tulikwenda India kutibu moyo, kama wanavyokwenda Watanzania wengi, na faili nene na dola zilizochangwa na ukoo, na miadi yetu ilikuwa asubuhi ile ile. Kwenye simu nilikuwa na programu, moja ya zile zinazomwonyesha msafiri namba za dharura za nchi aliyopo. Nikaifungua. Polisi 100, zimamoto 101, gari la wagonjwa 102. Nikapiga 102, ikaita weee, kimya. Nikashuka mapokezi mbiombio. Kijana wa zamu hakuniuliza hata jina. Alinyanyua simu ya mezani, akapiga 108, na kabla sijamaliza kumvisha mjomba viatu gari lilikuwa mlangoni.

Baadaye nilielewa kwamba programu haikusema uongo. Namba 102 ipo India, ila katika majimbo mengi kazi yake kubwa ni kuwabeba wajawazito na watoto wachanga. Kule Tamil Nadu, jimbo ulipo mji wa Chennai, mtu akianguka, kila mmoja hadi muuza chai anajua ni 108, na serikali ya India nayo inasukuma 112 iwe namba moja ya dharura zote. Programu ilinipa ukweli wa kwenye orodha. Kijana wa mapokezi alinipa ukweli wa mtaani.

Hata hivyo siwezi kujiunga na wanaosema vitu hivi ni mapambo ya simu. Tatizo ambalo programu hizi zinajaribu kulitatua ni la kweli. Aliyezoea kwetu kwamba polisi ni 112 na zimamoto ni 114 akishuka Muscat, Oman, atakuta namba ni 9999. Falme za Kiarabu gari la wagonjwa ni 998 na zimamoto ni 997. Vuka mpaka uingie Saudia, namba hizo zimebadilishana viti: 997 ndiyo ya wagonjwa na 998 ya zimamoto, ingawa katika baadhi ya mikoa, ikiwemo Makka na Riyadh, 911 imeshakusanya zote. China polisi ni 110, wagonjwa 120. Japani 119 inaita zimamoto na gari la wagonjwa kwa pamoja. Hakuna kichwa cha binadamu kinachoweza kubeba hayo yote, tena kikiwa na hofu. Programu inayojua uko nchi gani na kukuwekea kitufe kimoja kikubwa inamfaa haji mzee kuliko kijitabu cha kurasa arobaini anachopewa na wakala wake.

Wapinzani wana jibu zuri hapa, na lazima lisikilizwe. Simu yenyewe imeshafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Simu za mkononi zimetengenezwa kuitambua 112 kuwa namba ya dharura, nyingi huitambua na 911, na katika nchi nyingi mtandao hukupeleka moja kwa moja kwa wahusika wa pale hata kama kioo kimefungwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana juu ya 112 tangu mwaka 1991, na tangu Machi 2022 simu janja mpya zinazouzwa huko zinatakiwa ziweze kutuma zenyewe mahali alipo mpigaji. Mtu aliyepata ajali nje ya Hamburg hahitaji programu ya ziada. Anahitaji chaji, na anahitaji laini ndani ya simu, kwa sababu Ujerumani tangu 2009 simu isiyo na laini haipigi hata 112. Mamlaka za huko zilifikia uamuzi huo baada ya kuchoshwa na simu za mzaha.

Kwa hiyo kwa ajali, moto na ugonjwa wa ghafla, mizani yangu inaegemea upande wa programu kidogo tu, kwa masharti mawili: iwe inafanya kazi bila bando, na iandike tarehe ambayo kila namba ilihakikiwa mara ya mwisho. Hili la bando wengi hulisahau. Dakika ya kwanza baada ya kutoka uwanja wa ndege, laini ya nyumbani imekufa na ya ugenini haijanunuliwa, na ndiyo dakika ambayo mgeni hupotea. Tena kuna watengenezaji wanaoweka kitufe cha kupiga kwa WhatsApp, wakati Falme za Kiarabu huduma ya kupiga simu kwa WhatsApp imezuiwa, na China WhatsApp yenyewe haifunguki kwa njia ya kawaida, sawa na huduma za Google ambazo programu nyingi za Android huziegemea. Mfanyabiashara wetu aliyeko Guangzhou atabaki anatazama duara likizunguka kwenye kioo.

Ila dharura zinazowaumiza zaidi watu wa kwetu ughaibuni si hizo. Ni kukamatwa, kunyang'anywa pasipoti, kutolipwa mshahara, vita. Hapo namba inayotafutwa ni ya ubalozi, na hoja ya watetezi inaanza kuchechemea.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa mtu aliyekamatwa ugenini haki ya ubalozi wake kujulishwa akiomba. Haki hiyo ina maana pale ubalozi unapokuwepo na kuna mtu wa kunyanyua simu. Mimi niliyekuwa Chennai, ubalozi wetu uko New Delhi, safari ya zaidi ya kilomita 1,700 kwa ndege. Vita vilipolipuka Ukraine Februari 2022, Tanzania haikuwa na ubalozi Kyiv. Wanafunzi wetu walitegemea ubalozi ulioko Stockholm. Programu ingewaonyesha namba ya Sweden, na ingekuwa namba sahihi. Lakini mtu aliyesimama kwenye baridi akisubiri kuvuka kwenda Poland anamhitaji mtu mwenye koti na bendera upande wa pili wa mpaka. Wazungu wa Ulaya wana unafuu: raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya isiyo na ubalozi mahali fulani anaruhusiwa kuhudumiwa na ubalozi wa nchi nyingine ya Umoja huo. Programu ya Mmalta ina milango mingi ya kumwonyesha. Yetu ina michache, na si kosa la aliyeitengeneza.

Halafu kuna Ghuba. Dada anayekwenda kufanya kazi za ndani Riyadh au Muscat ndiye anayetajwa kila mtu anapozindua programu ya aina hii, kwamba itamwokoa. Naomba tuwe wakweli. Malalamiko yanayorudi na dada hawa kutoka Kenya, Uganda na Tanzania yana jambo moja linalojirudia: mwajiri alichukua pasipoti, kisha akachukua simu. Programu bora kuliko zote duniani iko kwenye droo ya bosi. Na kama ilikuwa na kitufe cha kutuma taarifa, jina lake, namba ya pasipoti na ujumbe alioandika kuhusu bosi huyo, basi bosi sasa anavyo vyote.

Kinachonifanya nisiitupe hoja nzima ni kwamba mwenye shida mara nyingi si yeye anayetafuta namba. Anayetafuta ni mama yake aliyeko Tanga, ambaye siku ya kumi na moja hajasikia sauti ya mwanawe, na hajui aanzie kwa wakala, wizarani au kituo cha polisi cha kata. Simu yake haijanyang'anywa. Sijaona programu iliyomfikiria mama huyu: inayomwambia kwa Kiswahili ubalozi uko mji gani, unafungua siku zipi, aandae karatasi gani, na wakala wa mwanawe ana leseni au hana. Watengenezaji wote wanamwandikia msafiri mwenye sanduku la magurudumu. Kwa sasa mama hupata msaada kupitia mwenyekiti wa jumuiya ya Watanzania wa kule, mtu wa kujitolea ambaye namba yake inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na ambaye hupigiwa hata usiku wa manane. Kumweka kwenye programu ya umma ni kumuua kwa simu. Kutomweka ni kuliacha nje jina linalofanya kazi kuliko mengine yote.

Mjomba alirudi salama, na siku hizi anabishana na daktari kuhusu chumvi. Nilipofika nyumbani niliwaandikia wenye ile programu kupitia sanduku lao la maoni, nikawaeleza habari ya 108 na kwa nini 102 haikunisaidia. Walijibu siku hiyo hiyo, wakanishukuru kwa adabu nyingi. Wiki iliyopita niliifungua tena. Rangi ni mpya, nembo ni mpya, na gari la wagonjwa India bado ni 102.