Hapana, Ukuta Wangu Haukuzaa

Ile klipu ya dua nyumbani kwangu mmeiona nusu. Shoga yangu kaikata pale palipomfurahisha yeye, akaiandikia juu UKUTA UMEZAA, MAMA NA MTOTO HAWAJAMBO, akaitupa kwenye kundi letu la WhatsApp la waliosoma pamoja, na huko ikaota miguu. Jana muuza urojo Forodhani kaniuliza mtoto wa kike au wa kiume. Leo ni siku ya tatu natoka na nikabu, mimi nisiyevaa nikabu, na bado nasalimiwa kwa jina.

Kwa hiyo kaeni niwahadithie, maana aliyekuwepo ni mimi. Yeye alikuwa nyuma ya simu.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnaijua nyumba ya bibi, Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ghorofa ya pili, ngazi zinazopanda kama unakwenda kuchuma nazi. Wageni tafuteni video za "kabla", mie sirudii. Mnajua pia kwamba nje sikugusa kitu, kwa sababu Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na huwezi kuamka asubuhi ukaamua dirisha lako liwe la alumini. Basi ubunifu wangu wote nikauhamishia ndani. Ndani nani anaona? (Sasa wanaona hadi Muscat. Binamu yangu kanipigia kutoka huko akicheka hata salamu hakumaliza.)

Nilianza vizuri, mnishuhudie. Nilimwita fundi mzee, yule wa chokaa, ambaye kabla ya kusema lolote huuwekea ukuta kiganja kama daktari anayepima homa. Akazunguka ukumbi mzima hivyo hivyo. Akaja kwenye ukuta wa kaskazini, akabakisha mkono pale muda mrefu.

"Mwanangu, huu unakunywa maji. Juu huko kuna nini?"

"Gata tu la maji ya mvua, Mzee."

"Basi kasafishe gata kwanza. Halafu tubandue hii lipu iliyokufa, tupige chokaa, tuusubiri ukauke."

"Tuusubiri siku ngapi?"

Akacheka. "Siku? Siku ni za saruji."

Akanieleza, na maneno yake nayakumbuka yote sasa hivi kwa namna yanavyoniuma. Kwamba ukuta wa nyumba hizi ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unene wake nusu mita na ushei. Mvua ikinyesha unakunywa, jua likitoka unatoa. Ukiupiga saruji halafu ukaupaka rangi ya silki, maji yanaingia kwa nyuma yanakosa pa kutokea, na chumvi ya mawe nayo inasukuma. "Umeuvalisha koti la mvua kwa ndani," alisema. Na tangu ubavu wa Beit el-Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, uporomoke tarehe 25 Disemba 2020, hakuna mzee wa mji huu anayefanya mzaha na ukuta wa zamani, basi alikuwa ananiambia hayo bila ya kutabasamu.

Nami nikamjibu nini? Nikamjibu, "Lakini Mzee, siku hizi kuna rangi zinapumua."

Akanitazama. Akachukua kofia yake. Akasema, "Ikipumua usisahau kuipa na chai," akateremka ngazi.

Wiki ile ile nikamleta fundi kijana, wa kwenye video. Siku tatu: saruji, puti, silki. Rangi kijani cha chupa, iliyoiva, inang'aa mpaka ukipita unajiona. Wangapi mliandika "maashallah" kwenye video ile? Mia nne na kitu. Mpo. Nawajua kwa majina.

Sasa ukuta ule mkubwa, wa kijani, umekaa mtupu. Niliona mahali picha ya nyungo zimetundikwa ukutani kama mapambo, kubwa na ndogo, zimejipanga kama mwezi na nyota zake. Nikaenda Darajani nikanunua sita. Ya saba, ile kubwa ya katikati, sikupata ya kunitosha. Jikoni nilikuwa na ungo mmoja mkubwa, mzuri, mzito, wa kupepetea mchele, niliopewa siku ya harusi na mama mkwe wangu kutoka Wete, kwa mkono wake, pamoja na maneno: "Ungo huu ulikuwa wa mama yangu."

Nikaupulizia rangi ya dhahabu.

Naomba msiandike kitu hapo. Najua.

Masika yakaingia. Siku ya kwanza ya mvua nzito, nikaona kwenye kijani changu kilengelenge kidogo, kama embe la boribo limelala chini ya shuka. Siku ya tatu papai. Siku ya tano sijui niite nini. Ukikibonyeza kwa kidole kinakwenda bwuluu, kinarudi. Rangi yenyewe haikupasuka hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua kweli nilinunua rangi bora. Mume wangu akaja na sindano ya kushonea magunia. "Niitoboe?"

"Usithubutu! Dua Ijumaa, ukuta ubaki na kovu?"

Ndiyo, tulikuwa na dua ya nyumba, na mama mkwe alikuwa keshapanda boti kutoka Pemba. Nikachukua ule ungo wa dhahabu, nikautundika juu ya lengelenge. Likafunikika lote. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikaangalia. Jamani, palipendeza! Nikajisemea mwenyewe kwamba wabunifu hufanya hivi hivi, kasoro unaigeuza pambo.

Gata sikulisafisha. Juu yake kunguru walikuwa wamejenga kiota cha vijiti na nyaya, na mie na kunguru wa mji huu tuna makubaliano ya kutosogeleana.

Ijumaa, baada ya alasiri. Wanawake kama ishirini. Lazima mjue ukumbi wenyewe ulivyo: mrefu, mwembamba, kwa upana haufiki mita tatu, kwa sababu boriti ya mkoko ndipo inapoishia hapo na wazee walijenga kwa kufuata boriti. Kwa hiyo ukiketisha watu pande mbili, magoti yanasalimiana. Hakuna wa kuinuka bila ya kumkanyaga mwenziwe. Mama mkwe nilimpangia kiti cha heshima upande wa pili, wenye chokaa ya zamani. Akakaa kidogo, akanyanyuka.

"Hapa feni inanipiga. Na mgongo wangu unataka ukuta."

Akajivuta hadi upande wa kijani, akaegemea. Chini kabisa ya ungo. Mbele yake ikawekwa sahani ya halua aliyokuja nayo mwenyewe kutoka Wete. Nje mvua ikaanza. Siyo manyunyu. Mvua.

Shoga yangu nilikuwa nimempa simu arekodi video ya "baada". Nilimwambia mwenyewe, kwa kinywa changu: "Usizime hata kidogo, nataka kila kitu."

Dua ikaendelea vizuri. Ikafika pale mwalimu wa chuoni anapoomba Mwenyezi Mungu aikinge nyumba na husuda, na hasidi, na wachawi. "Amin," tukaitikia. Na katika ile amin, kijana wa wifi yangu, miaka mitano, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema chai imechemka:

"Bibi, ungo unakuja."

Nikainua macho. Ungo ulikuwa unakuja.

Pole pole. Ukingo wa chini umebanduka ukutani, unajisukuma mbele, unasimama, unajisukuma tena. Dhahabu inameremeta. Sihitaji kuwaeleza ninyi ungo hutumiwa na akina nani usiku wa manane. Sauti za "amin" zikaanza kupungua moja moja, mwisho akabaki mwalimu peke yake anaomba macho yamefumba, na wanawake kumi na tisa wanatazama juu ya kichwa cha mama mkwe wangu. Jirani yangu wa chini alianza Ayatul Kursiy kwa kasi ambayo sijapata kuisikia. Mama mkwe naye anatuangalia sisi, haelewi, anajigusa mtandio labda umekaa vibaya.

Mie ndiye pekee niliyejua kwamba si mchawi. Na Wallahi kwa dakika ile ningefurahi angekuwa mchawi.

Nikainuka. Nikapita juu ya magoti: samahani Bi, samahani shangazi, samahani. Nikatabasamu. Kwenye klipu mnaliona tabasamu lile, nimeona mmeligeuza stika. Nikanyoosha mkono juu ya kichwa cha mkwe wangu, nikaweka kiganja kwenye ungo, nikausukuma urudi ukutani taratibu, kama unavyofunga mlango mtoto asiamke.

Ukuta ulikuwa laini. Nataka mlifikirie neno hilo. Unaegemeza mkono kwenye nyumba ya mawe iliyomzika bibi yako na mama yake, nayo inakunyumbukia kama tumbo.

Na yale maji, kwa kuwa nimeyabana juu, yakatafuta njia chini. Niliyaona yakishuka nyuma ya rangi. Uvimbe ukateremka kutoka kwenye ungo, mnene kama mkono, ukapita sikio la kushoto la mama mkwe, ukasita, ukageuka kulia, ukasimama sawasawa nyuma ya kisogo chake. Pale ulivimba. Mwalimu akasema, "Na utuletee baraka zishuke."

Chwaaa.

Shoga anasema ndoo. Haikuwa ndoo. Ilikuwa lita mbili, tatu kwa wingi, rangi ya chai ya maziwa, baridi, yenye harufu ya chokaa ya zamani na ya kunguru. Iliyonimaliza si maji bali rangi, maana ile silki ilibanduka kipande kimoja kizima, kipana kama upande wa kanga, ikainama kutoka juu kwa adabu zote ikamfunika mkwe wangu kichwa, mabega na sahani ya halua. Kisha ungo ukadondoka, ukatua mapajani mwake.

Kimya. Hata mvua nadhani ilinyamaza isikilize.

Ndani ya lile shuka la kijani ikatoka sauti: "Bismillahi." Vikatokea vidole viwili, vikakamata ukingo wa rangi, vikaivua taratibu kama mtandio uliolowa. Akajifuta jicho moja. Jingine akaliacha. Akauangalia ungo mapajani. Akaugeuza.

Nyuma sikupuliza rangi. Nyuma, karibu na ukingo, kipo kiraka cha kanga nyekundu alichoshona mwenyewe.

Akakipitisha kidole. Akaniangalia kwa lile jicho moja.

"Huu si ungo wangu wa mchele?"

Klipu inaishia kabla ya hapo. Shoga alikuwa keshaanguka kwa kucheka, simu iko sakafuni inarekodi boriti. Kwa hiyo mnaoniuliza "mkwe alisema nini", ndilo hilo, sasa mnalo, mnaweza kuendelea na maisha yenu.

Yaliyofuata ni mafupi. Jirani alishika mlango akaondoka na viatu vya mtu mwingine. Mwalimu alimalizia dua, na nahisi aliongeza kipande. Mume wangu aliingia, akatazama ukuta, akatazama ile sindano ya magunia aliyokuwa ameiacha kidakani, akanyamaza, na kimya kile nakilipia mpaka leo. Mama mkwe aliogeshwa, akavalishwa dera langu, akalala, asubuhi akasema nyumba ni nzuri ila ina unyevu.

Fundi mzee karudi. Sikumwita mimi, kaletewa klipu na mjukuu wake. Alipanda juu ya paa kwanza, akashuka na kiota cha kunguru mkononi, nyaya za hanga tupu, akaniwekea mezani kama risiti. Kijani chote kimebanduliwa, na saruji nayo, kwa nyundo na patasi. Ukuta uko uchi, mawe yanaonekana, na kanikataza kuupaka hata niru mpaka mvua ziishe na yeye aridhike. Nikamuuliza ataridhika lini. Akaweka kiganja ukutani, akanyamaza, kisha akaniomba chai. Vikombe viwili. Kimoja akakiweka chini ya ukuta.

Mama mkwe kaondoka na boti ya jana, ungo kwapani, dhahabu kwa nje, bandari nzima inautazama. Asubuhi hii kanitumia picha kutoka Wete: ungo uko uani chini ya mwembe, una mtama ndani, na kuku wake wanane wamesimama mbali nao wote wameugeuzia mgongo. Chini kaandika: "Wamekataa."