Shemeji Amelala Kwenye Nyasi

Mtu akikuambia "ni mchezo tu", jipapase mifukoni. Sijawahi kumsikia aliyeshindwa akitamka maneno hayo. Jumapili usiku shemeji kanitamkia mimi, tena akifunga sanduku polepole kwa adabu, na mimi nimekaa kwenye barza yangu, kiti changu, taa yangu ya jua, hapa hapa Katuba, Lubumbashi, kwenye nyumba ile ile aliyokuja kumwombea dada yangu. Siku ile aliahidi mbuzi. Sisemi ni wangapi, wala sisemi wamefika wangapi. Mimi ni mtu mzima, mambo ya mbuzi huwa siyagusi mbele za watu.

Mchezo wenyewe unaitwa Carcassonne. Ni mji wa kusini mwa Ufaransa, una kuta na minara ya zamani, na Mjerumani mmoja, Klaus-Jürgen Wrede, akautungia mchezo. Ulitoka mwaka 2000, na mwaka 2001 ukachaguliwa kuwa mchezo wa mwaka huko Ujerumani. Sisi mwaka 2000 tulikuwa na shughuli nyingine, mnazijua. Umetufikia juzi juzi ndani ya sanduku la nguo kutoka Liège, Ubelgiji, kwa mdogo wake shemeji. Nguo hazikunitosha.

Vipande ni 72, vya karatasi ngumu. Kila kimoja kina kidogo cha mji, kidogo cha barabara, kidogo cha nyasi. Unavuta kimoja bila kuchagua, unakilaza kando ya vilivyotangulia: mji uguse mji, barabara ishike barabara, nyasi kwa nyasi. Una watu 7 wa mbao, wadogo. Ukimweka mjini ni askari, barabarani mnyang'anyi, monasterini mtawa. Hao wote kazi yao ikikamilika unalipwa na mtu anarudi mkononi. Halafu kuna mkulima. Huyo unamlaza chali kwenye nyasi na harudi. Hajengi, habebi tofali, hasogei. Mwisho kabisa, watu wamechoka, ndipo analipwa kwa kila mji uliokamilika unaopakana na shamba lake. Mji uliojengwa na nani? Na mimi.

Nimesikia maoni ya kila mtu juu ya mchezo huu, maana kwenye barza maoni hayalipiwi kodi. Mama watoto anaupenda sana na sababu yake siipendi. Yeye hajengi. Anangoja mji wangu ubakize tundu moja, anavuta kipande, anakigeuza, anakigeuza tena, halafu anakibana pale pembeni kiasi kwamba lile tundu sasa linadai kipande chenye mji pande zote nne. Kipande hicho katika 72 ni kimoja tu, na kilishatoka zamani. Askari wangu amefungwa mle ndani mpaka kiama. "Baba, bukari inapoa," ananiambia, yaani ugali.

Mchungaji jirani anausifia kwa ajili ya monasteri. Ikizungukwa pande zote nane inalipa pointi 9, na mtawa hajainua hata jiwe. "Anatulia tu, majirani wanajenga, yeye anahesabiwa," alisema, macho yamemng'aa. Nilimwuliza kama bado tunazungumzia mchezo.

Dereva wa basi alicheza jioni moja, akaona barabara inalipa pointi 1 kwa kipande wakati mji unalipa 2, akasema hata huko Ufaransa barabara ni hasara. Hajarudi.

Na yuko mwanafunzi wa sheria, mpangaji wa nyumba ya nyuma. Huyo anasema bahati ni ya wasiohesabu. Eti kule Essen, Ujerumani, wanashindania ubingwa wa dunia wawili wawili, na wenyewe wanajua kichwani kipande gani kimebaki na kipi kimekwisha. Anajua monasteri ziko 6. Anajua njia panda ya barabara nne ni moja. Kodi ya nyumba inaangukia tarehe ngapi, hapo anasahau.

Sasa Jumapili. Tulicheza watatu, mimi, mama watoto na shemeji, wengine wakiwa watazamaji, maana yake waamuzi. Kipande cha mwisho kimelala. Tumehesabu miji, barabara, monasteri. Mimi 61. Mama watoto 55. Shemeji 40, anatafuna karanga. Nikanyoosha miguu. Nikaanza hata kumfariji: usijali, shemeji, mchezo huu unataka akili iliyotulia, utazoea.

"Tumalizie mashamba kwanza," akasema.

Shamba lilikuwa lile kubwa la katikati, linapakana na miji minane iliyokamilika. Mimi nina mkulima mle, yeye ana wake. Mmoja kwa mmoja, na sheria inasema mkilingana kila mtu anachukua zote. Nikasema vizuri, chukua zako, na mimi zangu, tukalale.

Shemeji akatoa kidole. Ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kidole chake kikitua mezani kinafunika wilaya nzima. Akakianzisha huko pembeni, nyuma ya monasteri, mahali ambapo hakuna mtu mwenye heshima zake angepoteza muda, na kumbe palikuwa na mtu mwingine wa kijani, rangi yake shemeji, amelala. Kidole kikatambaa juu ya nyasi, kikazunguka mgongo wa monasteri, kikaingia kwenye shamba letu.

"Huyu naye eko wangu," akasema. Wawili kwa mmoja, shamba lote lingekuwa lake.

Nikamwambia kwa utulivu kwamba kuna barabara. Barabara inakata shamba, hata mtoto anajua.

"Barabara inaishia mlangoni kwa watawa, shemeji. Nyuma ni nyasi tupu. Zinazunguka."

Taa ya jua nayo ikachagua saa hiyo kufifia, na umeme kwa kweli sitauzungumzia. Tukawasha simu tatu. Watu wazima, baba na mama za watu, tumeinama matako juu, tunachungulia nyasi nyembamba kuliko ukucha. Mchungaji akasema nyuma ya monasteri ni mali ya monasteri, mtu hapiti bila ruhusa. Nikamshukuru kwa jina la Bwana. Mwanafunzi akasema haki ya kupita haifutwi kwa sababu mtu amejenga kanisa. Mchungaji akasema yeye hakutaja kanisa. Wakashikana wao wawili mpaka tukawanyamazisha, na ndipo mama watoto, bila hata kuinama, akiwa anapepeta mchele wake wa kesho, akasema:

"Zinazunguka."

Nikamkumbusha kwamba yeye na mimi tunalala chumba kimoja.

"Zinazunguka, baba."

Basi ikabidi niingie kwenye suala la haragwe.

Sanduku lilifika limepungukiwa mtu mmoja mweusi, na nyeusi ni rangi yangu. Mahali pake natumia haragwe. Sasa askari husimama na mkulima hulala, ndivyo wanavyotofautishwa. Haragwe halisimami. Liweke mjini, linalala. Liweke barabarani, linalala. Na usiku ule haragwe langu lilikuwa kwenye kipande chenye mji huku na nyasi kule, ukingoni kabisa mwa lile shamba kubwa, na kuku wa mama watoto alishakatiza pale kabla jua halijazama. Nikasafisha koo. Nikasema taratibu, kwa sauti ya mtu asiyeomba chochote:

"Na huyu wangu wa pili? Si amelala, mnamwona?"

Wawili kwa wawili. Shemeji akaacha kutafuna.

"Muzee," mwanafunzi akasema, "ule mji tumeshauhesabu. Ulichukua pointi 3 juu ya haragwe hilo."

"Haragwe lipi?"

"Lile lile."

Nikamwuliza anasoma mwaka wa ngapi. Akasema wa pili. Nikasema inaonekana. Kisha nikawageukia wote: ni nani kati yenu anayeweza kuapa kwamba haragwe hili lilikuwa askari? Linasimama wapi? Mchungaji, apa. Mchungaji akasema Maandiko yanakataza kuapa kabisa. Mnaona? Hakuna shahidi. Katika mahakama yoyote yenye viti, kesi hiyo ingekwisha palepale. Hapa kwangu shemeji alinyoosha kile kidole chake, akalisukuma haragwe likarudi mjini, akaendelea na hesabu.

"Miji minane mara 4," akasema.

Mara 4! Karatasi iliyomo sandukuni inasema kila mji unampa mkulima pointi 4, ni kweli, maana ni karatasi ya sheria za mwanzo. Zile za baadaye, ambazo mwanafunzi anazo kwenye simu, zinasema 3. Haya, tufuate ya zamani. Lakini ya zamani hiyo hiyo inasema mji wa vipande viwili unalipa pointi 2 tu, na 4 zimekuja na sheria mpya, na huyu bwana jioni nzima alikuwa anajichukulia 4 kwa kila kimji chake cha vipande viwili! Karatasi mpya mjini, karatasi ya zamani shambani! Nikasimama. Nilizungumza kama dakika kumi, nadhani hata jirani wa ng'ambo walizima redio. Nilidai pointi 3 kwa mji, nikadai haki, nikaitaja katiba. Mwanafunzi akakubali, mchungaji akakubali, shemeji mwenyewe akainua mikono akasema sawa, 3.

Minane mara 3, 24. Na 40 zake, 64. Mimi 61.

Nilishinda hoja yote. Nikabaki nimesimama.

"Na mbuzi?" nikasema.

"Mbuzi gani, shemeji?"

"Mbuzi!"

"Bya mbuzi ni bya familia. Huku tunahesabu miji." Akaanza kukusanya vipande. "Shemeji, ni mchezo tu."

Miji mitano kati ya ile minane niliijenga mimi. Mitano! Mmoja una ngao mbili, zile alama za kuongeza pointi. Nilivuta, nikageuza, nikapanga, nikapoteza usingizi, nikafunga kuta moja moja, na kila ukuta niliofunga ulikuwa unamlipa mtu aliyelala chali tangu mwanzo. Ningejua ningeacha miji wazi, upepo uingie. Mama watoto anasema ndiyo hapo nimeanza kuuelewa mchezo. Sitaki kuuelewa! Nataka anayefanya kazi alipwe, na anayelala alipwe usingizi.

Maana nina kiwanja upande wa Kasapa, na huko hakuna aliyenipa vipande 72. Mama mmoja aliniomba apande mihogo, msimu mmoja tu, akiniita papa Katuba, kusudi pasiote majani. Nikasema panda, mama. Sasa mihogo ina kibanda, kibanda kina mpangaji, na mpangaji ana karatasi yenye muhuri. Mimi pia ninayo yenye muhuri. Nikazipeleka zote mbili ofisini, afisa akaziangalia kwa muda mrefu sana, akasema zote ni nzuri. Akaniambia nirudi wiki ijayo na picha. Picha ya nini? Ya mipaka. Mipaka ilikuwa mawe, mawe yamejengewa kibanda! Na kwenda kule ni mabasi mawili, na la pili haliondoki mpaka mtu wa mwisho akae juu ya mkoba wa mtu wa kwanza. Sijaongea habari ya gunia la makala, yaani mkaa. Siongei. Mama watoto ananitumia kununua makala kwa makusudi, anajua nikirudi sitakuwa na nguvu ya kudai chochote.

Na leo asubuhi mdogo wake shemeji amepiga simu kutoka Liège. Ana furaha, amesikia tunacheza. Anasema mchezo huo una nyongeza nyingi, watu wa kule hawachezi tena ule mtupu: kuna nyongeza ya kanisa kubwa, kuna ya nguruwe anayemwongezea mkulima pointi, kuna ya joka anayezunguka akila watu. Anataka kututumia. Nikamwambia hiyo ya nguruwe asithubutu, kaka yake ameshashiba. Joka naweza kumfikiria, ilimradi anakula na waliolala. Hapo simu ikaanza kukatakata. Nikasema kwa sauti ya juu, na barza nzima ikasikia, kwamba kwenye sanduku hilo nafasi ikibaki aweke viatu, vya kamba, vyeusi, 43, visiwe vile vya ncha kama mara ile, mguu wangu ni mpana, ulimwengu wote unajua. Akasema, "Njano?" Nikasema vyeusi! Akasema sawa, ameniwekea watu wa njano.