Ukuta Unaokinga Huku Hubomoa Kule

Kila nikisikia kwamba mahali fulani unajengwa ukuta wa kuzuia bahari, swali langu ni moja: jirani atapata wapi mchanga?

Mchanga wa ufuoni hautulii. Mara nyingi mawimbi huja mshazari, yakaupandisha huku yakiusogeza upande mmoja, kisha maji hurudi baharini moja kwa moja kwa kufuata mteremko. Punje iliyopandia hapa hushukia mbele kidogo, na wimbi linalofuata huichukua tena. Hivyo hivyo, usiku na mchana, mchanga husafiri kilomita nyingi sambamba na pwani. Pale pwani inapokata kona, mkondo hupungua nguvu, mchanga hutua, na ulimi wa nchi kavu huanza kuota baharini.

Tazama Holderness, mashariki mwa Uingereza. Magenge yake ni udongo laini ulioachwa na barafu ya kale, na bahari huyala kwa wastani wa karibu mita 2 kwa mwaka. Mwaka 1991 kijiji cha Mappleton kilijengewa vizuizi viwili vya mawe vinavyoingia baharini. Ufuo wa kijiji ukanenepa, barabara ikapona. Kusini yake, ambako mchanga ulikuwa ukielekea, mashamba yakaanza kuliwa kwa kasi zaidi. Siwalaumu wanakijiji, nani asiyelilia nyumba yake? Ninachokipinga ni uamuzi unaoangalia kipande kimoja cha pwani, ilhali magenge hayohayo yanayomomonyoka ndiyo yanayolisha fukwe za mbele, hadi ulimi wa Spurn kwenye mlango wa mto Humber.

Wala si kuta peke yake. Mchanga mwingi huletwa na mito, kwa hiyo bwawa lililo mbali bara linaweza kuinyima pwani riziki yake. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, mashapo ya mto Nile yalinaswa nyuma yake, na rasi ya Rosetta, kwenye mlango wa mto huo nchini Misri, iliyokuwa tayari inapungua, ikazidi kumegwa. Wapangaji wa mabwawa hupiga hesabu ya umeme na umwagiliaji. Ufuo husahaulika.

Miamba migumu ni habari nyingine: bahari huitoboa pango, pango likawa tao, tao likaanguka, kama lile maarufu la Malta lililoporomoka Machi 2017. Hapo hakuna wa kulaumiwa.

Kwenye mchanga tuna hiari. Mwaka 1999 Wamarekani waliuhamisha mnara wa taa wa Cape Hatteras mita 880 hivi kutoka ulipokuwa, ili bahari isiufikie. Mwaka 2011 Waholanzi walimwaga zaidi ya mita za ujazo milioni 21 za mchanga mahali pamoja karibu na The Hague, wakayaachia mawimbi, mikondo na upepo kazi ya kuusambaza. Ni gharama kubwa, nakubali. Lakini ukuta nao una gharama, ila hulipwa na mtu mwingine. Ndiyo maana naona kibali cha ukuta kisitolewe kabla ya watu wa upande unakoelekea mchanga kusikilizwa, na kuonyeshwa ni kiasi gani watakachokosa.