Anayezima mashine afokewe au aulizwe?

Kiwanda cha kwanza nilichofanyia kazi kilikuwa cha chupa za plastiki, Dar es Salaam. Palikuwa na opareta mmoja, mtu mzima, ambaye kwa mlio tu alijua mashine inakaribia kusumbua, akapunguza joto kabla chupa hazijaanza kupinda. Siku moja kikaoni alipendekeza jambo, akajibiwa mbele ya watu kwamba kazi yake ni kubonyeza. Hakufungua mdomo tena. Alipostaafu aliondoka na ujuzi wake wote, nasi tukabaki kujaza viroba vya chupa mbovu.

Kwa hiyo nikisikia wakubwa wa viwanda wanalalamika kwamba wafanyakazi wetu hawana ubunifu, naumia. Ubunifu upo. Umenyamazishwa.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Fremont, California. Kampuni ya magari ya General Motors (GM) ilikifunga kiwanda chake cha pale mwaka 1982, baada ya miaka ya utoro, migomo na magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wengi walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kilekile. Mamia yao walipelekwa kwanza Japani kujifunza bega kwa bega na wenzao. Waliporudi, kando ya laini ya kuunganishia magari palikuwa na kamba: ukiona kasoro, unaivuta. Kiongozi wa kikundi anakuja mbio kusaidia, na tatizo lisipotatuka kwa muda uliowekwa, laini nzima inasimama. Hawa ni watu waliozoea kwamba kusimamisha laini ni kosa kubwa kuliko kupitisha gari bovu! Haukupita muda mrefu, ubora wa magari yao ukawa miongoni mwa ulio bora kabisa ndani ya GM.

GM ikajaribu kuupeleka utaratibu huo kwenye kiwanda chake cha Van Nuys, katika jimbo hilohilo. Ukapingwa na wasimamizi, ukapingwa na wafanyakazi, na mwaka 1992 kiwanda kikafungwa. Kamba unaweza kuinunua popote. Msimamizi anayekuja kusaidia badala ya kugomba hauzwi dukani.

Kwetu Tanzania, kaizen, yaani mtindo wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku, imekuwa ikifundishwa viwandani tangu 2013 kwa ushirikiano wa serikali na JICA, shirika la misaada la Japani, na naiunga mkono kwa moyo wote. Ila mabango ukutani na mistari ya rangi sakafuni havinitoshi. Nikiingia kiwandani namtazama opareta: bosi akipita, anaendelea kuongea au anainamisha kichwa?

Siku hizi mimi ndiye msimamizi wa zamu. Wiki iliyopita kijana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo alizima mashine, akasimama kando akisubiri kufokewa. Nilimuuliza ameona nini. Maji ya kupozea yalikuwa yanapita kwa shida, na sote tulikuwa hatujagundua. Tukawaita wengine waje watazame. Lengo la siku hatukulifikisha, nikapanda ofisini kujieleza. Alichokiona kimeandikwa kwenye daftari la zamu, pamoja na jina lake.