Papa wa Katonga

Tangu jamaa yangu awatumie ile video yangu ya Ziwa Tanganyika, naona mnanitumia tu vikatuni vya papa. Sawa. Yeye mmeshamsikia, sasa nisikilizeni na mimi niliyekuwa majini, maana mwenzangu muda wote alikuwa botini kivulini, simu mkononi.

Chanzo cha yote ni Mafia. Jamaa alikwenda huko akaogelea na papa potwe, akarudi hana habari nyingine. Ukimkaribisha chai, potwe. Msibani, potwe. Tumetoka Kibirizi na boti mpaka kwenye mawe ya huko Katonga, njia nzima potwe: samaki mkubwa kuliko wote duniani, ila chakula chake vidudu vidogo vya majini, na mtu hana shida naye. Mimi mtoto wa Kigoma, mwisho wa reli, wivu ukanipanda. Nikamuuliza kijana anayetuongoza, "Kaka, kwani humu ziwani papa hawezi kuingia?" Akacheka, akasema papa wako baharini. Jamaa akadakia kwamba yuko papa wa Zambezi, huyo hupanda mito mpaka kwenye maji baridi. Kisha akanyamaza. Makusudi!

Nikaanza kupiga hesabu. Zambezi inapita Zambia. Zambia ina bandari ya Mpulungu. Mpulungu iko ziwa hilihili, meli ya Liemba ilikuwa ikienda mpaka kule. (Walimu wa jiografia tulieni. Najua maji ya Tanganyika hutokea mto Lukuga kwenda Kongo, Zambezi haihusiki. Muda ule nilikuwa nimeshavaa mapezi.)

Nikaingia. Kule chini kuzuri, nisiwafiche. Maji maangavu, visamaki vya njano na bluu vinachokonoa mawe. Nimekulia Kigoma na samaki nilikuwa nawajua wakiwa kwenye sahani tu. Papa nikamsahau.

Halafu penye mchanga nikaona kitu kama vumbi linatembea. Nikasogea. Kumbe vitoto vya samaki, vingi, vimejikusanya. Nikanyoosha kidole. Jamani, kidole kimoja tu.

Kushoto ukaja mdomo. Samaki sikumuona, niliona mdomo, uko wazi, unanijia taratibu kama mtu anayekuja kudai deni lake. Miwani ile ya majini hukuza vitu, na hilo hakuna aliyeniambia. Nyuma ya mdomo kuna mwili, na mwili hauishi. Nikageuka kulia: yupo wa pili. Nikavuta pumzi nipige ukunga, mrija uko mdomoni, ukunga ukapitia humohumo ukatokea juu. Kuna watalii botini walianza kuangaza milimani wakitafuta ni ndege gani. Hapo kitu kikanigonga kwenye pezi. Pa!

Aliyekuwa karibu ni yule kijana. Nikampanda. Msije mkadhani nilimshika bega, nilimpanda, goti kiunoni, goti mgongoni, nikaishia shingoni, mrija umening'inia sikioni, naita "Mama! Papa! Mama!" Yeye anazama, anaibuka, anasema "Ni ku..." anazama. Akizama nazama naye, tukiibuka naendelea nilipoishia. "Ni kuhe, kaka! Kuhe! Niachie!"

Kuhe. Huyuhuyu tunayemla na ugali. Walikuwa baba na mama na watoto wao. Kuhe hulea wawili, na wakiwa na watoto hawataki mgeni. Ila tuheshimiane, kuhe si dagaa. Anaweza kufika sentimita 80, na kwenye ile miwani ongezeni wenyewe.

Nikavutwa botini kwa kamba ya boya. Pezi moja limebaki ziwani, nimelilipia. Kijana nimemwomba radhi, shingo anasema inaendelea vizuri. Video mnayo, na mtaona inaanzia pale nilipokwisha kukaa shingoni. Kuhe hawamo kabisa. Mwulizeni mwenye simu kwa nini.

Aliyenimaliza ni mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akipita na mtumbwi wake. Akaacha kupiga kasia, akauliza, "Wanangu, mmepata nini na kelele zote hizo?"

Jamaa akamjibu, "Shikamoo mzee. Tumepata papa."

Mzee akaitikia marahaba, akachungulia botini, akanitazama nilivyojilaza pale nakohoa maji. "Kilo mnauza shilingi ngapi?"